Mkasi wa Mkono wa Kushoto

Mtu akishinda, shukrani humtoka mdomoni bila kufundishwa. Hata mlevi aliyeokota noti barabarani humshukuru Mungu. Shukrani ya aliyeshindwa ndiyo inayotaka malezi, na malezi hayo hayaji kwa siku moja. Zedekiah Odero, fundi wa nguo, aliyapata kwenye veranda ya duka la vitambaa katika Mtaa wa Biashara, katikati ya Nairobi, akiwa tayari mtu mzima mwenye mvi.

Odero alikuwa mrefu, mpole wa maneno, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi pale skrubu ilipopotea. Alikaa Kangemi na mkewe, Ajwang, katika chumba kimoja nyuma ya soko. Kila asubuhi alifika mjini kabla maduka hayajafunguliwa, akaitoa cherehani yake kwenye stoo ya Kanubhai, akaiweka mahali pake pale verandani, akaipaka mafuta. Kanubhai, mwenye duka, aliuza vitambaa ndani. Mafundi walishona nje. Hawakumlipa kodi. Alisema mteja akijua nguo yake itashonwa papo hapo, hununua kitambaa kwa moyo mweupe.

Ila hapo mwanzo veranda hiyo ilikuwa aibu tupu. Mteja akitoka dukani na kitambaa kwapani, mafundi walimrukia kama kuku walioonyeshwa mahindi. Huyu anamwita mama, yule anamwita dada, mwingine amekwishamvuta mkono. Siku moja Odero na fundi mwenzake, mwanamke wa Kikamba aliyeitwa Mukonyo, walishika kitambaa kimoja cha bibi harusi, huyu upande huu na yule upande ule, na hakuna aliyekubali kuachia. Kitambaa kikapasuka katikati. Mama wa bibi harusi akaketi kwenye ngazi, akalia.

Kanubhai hakupiga kelele. Aliingia ndani, akakata kipande kingine kutoka jora lile lile, akampa yule mama bure. Kisha akawageukia mafundi na kuwaambia kwamba kufikia kesho wawe wamepata njia ya kugawana wateja bila kuvutana, au kila mmoja abebe cherehani yake aende.

Walijaribu zamu, zamu zikaleta ugomvi mpya, kwa kuwa mteja hangoji fundi arudi kutoka msalani. Ndipo fundi mmoja, Rael, mama wa Kiluhya aliyekuwa na sauti ya kuongoza kwaya, akasema kwa mzaha kwamba watoto wake huko nyumbani hugawana mandazi kwa mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi, na hajawahi kuona andazi likipasuka. Walicheka. Asubuhi iliyofuata walianza.

Mchezo wenyewe kila mtu anaujua. Ngumi ni jiwe, kiganja kilichonyooka ni karatasi, vidole viwili vilivyotanuka ni mkasi. Jiwe huvunja mkasi, mkasi hukata karatasi, karatasi hufunika jiwe. Lakini mafundi waliutia adabu ya kwao. Rael alihesabu, "Pima, kata, shona," na kwenye neno shona mikono yote hufunguka pamoja. Mkono uliochelewa ulihesabiwa umeshindwa, kwa maana mwenye kuchelewa huenda amechungulia mkono wa mwenzake kwanza. Na aliyeshindwa hakuruhusiwa kununa. Alitoa tepu yake ya kupimia shingoni, akamvisha mshindi kwa mikono miwili, akamwambia, "Shona vizuri." Tepu ile haikurudi mpaka nguo ichukuliwe na mwenyewe. Kwa hiyo siku ya baraka ungemkuta fundi mmoja amevaa tepu tatu kama mganga, na jirani yake anampima mteja kwa kamba ya manila yenye mafundo.

Kwa mtazamaji ilikuwa michezo ya watoto. Lakini kuvua chombo chako cha kazi na kumvika mwenzako, na kumtakia heri kwa mdomo wako mwenyewe, ni somo ambalo watu wengi wenye vyeo hawajalifaulu.

Odero aliusoma mchezo ule kama mtu anavyojifunza kukata kola. Aligundua kwamba mwenye hasira hutoa jiwe. Aliyeshindwa na kitu fulani hukikimbilia kitu hicho hicho raundi inayofuata, akidhani kina bahati. Mwenye haraka ya kwenda kula hurudia alichotoa jana. Rael alikuwa akiinua bega kidogo kabla ya karatasi, na hakuna aliyewahi kumwambia. Ni Mukonyo peke yake aliyekuwa mgumu kusomeka. Aliimba nyimbo za kanisani kwa pua, macho yameelekea kwenye matairi ya magari, na uso wake haukutoa habari yoyote. Hao wawili waliopasua kitambaa cha watu ndio waliokuja kuwa mafundi wa mchezo, na kwa kuchezana kila siku wakaheshimiana, wakafikia hata kuachiana chai.

Mwaka wa 2005, mwenye jengo alitangaza kwamba anataka veranda iwe wazi, itiwe vigae, na asione cherehani hapo baada ya Agosti. Kanubhai alimwomba, akaomba tena, akarudi kichwa chini. Alichoweza kuwapa kilikuwa pembe moja ndani ya duka, kati ya kaunta na ngazi, yenye taa na kivuli, mahali pa cherehani moja. Wateja wote wa duka wangepita mbele ya fundi huyo. Wengine wangekwenda kuanza upya mahali pasipo na mtu anayewajua.

Mafundi walimtaka Kanubhai achague. Mzee yule alikataa. Alisema wote wamekula chumvi yake na yeye ameona jasho la wote. Hawezi kumpendelea mtu. "Mlianza kwa mkono," aliwaambia. "Malizeni kwa mkono."

Wakapangana wawili wawili, wiki nzima. Rael alitolewa mapema, bega likiwa limemsaliti kama kawaida, akamvisha Odero tepu yake bila uchungu na kusema yeye ana nafasi soko la Kangemi, karibu na nyumbani, atakuwa akila chakula cha moto. Siku zikapita, na kufikia Ijumaa walibaki wawili: Odero na Mukonyo.

Na hapo ndipo palipokuwa na siri ya Odero.

Tangu baridi ya Julai, dole gumba la mkono wake wa kulia lilikuwa linauma. Miaka mingi ya kukata kaki za shule kwa mkasi mzito ilikuwa imelichosha. Aliweza kukata, aliweza kuendesha cherehani, lakini dole lilikuwa halitaki kuvuka kiganja upesi. Sasa mtu akitaka kutoa mkasi wa mchezo, ni lazima dole gumba livuke na kuvikalia vidole viwili vya mwisho, la sivyo navyo vitainuka. La Odero lilivuka kwa maumivu na kwa kuchelewa. Mwezi ule wa Julai mkono wake ulichelewa mara moja, na fundi mmoja akanong'ona kwamba siku hizi mzee anachungulia. Neno lile lilimchoma kuliko dole lenyewe. Kuanzia siku hiyo aliuacha mkasi kabisa, akacheza kwa jiwe na karatasi tu, na kwa kuwasoma watu aliendelea kushinda.

Lakini alijua hesabu yake. Adui akigundua kwamba huna mkasi, kazi yake ni nyepesi: atoe karatasi kila mara. Ukitoa jiwe, amekufunika. Ukitoa karatasi, mmelingana, mnarudia. Huwezi kumshinda hata mkikaa hapo mpaka kengele ya kanisa ilie.

Na hakuweza kumwambia mtu. Kanubhai akisikia dole linaugua, angesema pembe ile apewe mwenye mikono mizima, na hakuna ambaye angemlaumu. Odero alinyamaza. Kunyamaza kwake hakukuwa uongo, ila kulikuwa kumekaa mlango mmoja na uongo, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Alilifunga dole kwa kitambaa, akauvuka hata mlango huo, akawa anawaambia watu amejidunga sindano.

Ijumaa jioni, walipokuwa wakifunika cherehani, Mukonyo alikuja kuazima mafuta. Aliangalia lile dole lililofungwa. Kisha akasema, bila kumtazama usoni, "Mzee Odero, siku hizi mkasi yako imelala."

Odero aliitikia kwa kukohoa. Mukonyo alichukua mafuta, akarudi kwake akiimba kwa pua.

Huko Kangemi, Ajwang alimwona mumewe akisukuma sahani ya dagaa wa omena bila kula. Alileta maji ya moto yenye chumvi kama alivyofanya kila jioni, akalitumbukiza dole humo, akalikanda. Odero akamweleza yote. Alisema Mukonyo amejua, na kama amejua, kesho ni kwenda tu kumvika tepu.

"Ingekuwa wewe ndiye umejua siri yake," Ajwang aliuliza, "ungefanya nini?"

Odero alijiweka mahali pa Mukonyo. Akajibu kwamba angetoa karatasi. Sheria inaruhusu. Haibi mtu, hachungulii mtu. Ajwang aliendelea kukanda. Odero alijisikia mdogo, maana jibu lilikuwa la kweli.

Jumamosi mchana, maduka mengine ya mtaa yakiwa yanafungwa, mafundi walikusanyika verandani. Kanubhai alitoka na kikombe chake cha chai, akaketi kwenye stuli ya kaunta. Rael alikuwa amekuja kutoka Kangemi makusudi, kwa kuwa hakuna ambaye angekubali hesabu ya mtu mwingine. Mshindi angekuwa wa kwanza kushinda raundi mbili.

Odero alinyoosha mkono wa kulia. Mukonyo hakunyoosha wake.

"Leo tutacheza na kushoto," alisema.

Watu walicheka, wakidhani ni mbwembwe za fainali. Rael hakucheka. "Mkono ya kushoto ni ya choo," alisema. "Hapa kuna wazee."

"Basi utaninawisha nikimaliza."

Kanubhai aliweka kikombe chini. Kwa watu wake pia, mkono wa kushoto haupokei wala hautoi, na jambo lile halikumpendeza. Aliuliza sababu. Mukonyo alisema sheria ya veranda inataja mkono, haikuwahi kutaja upi, na yeye leo anataka kushoto kwa wote wawili. Kama Odero hataki, aseme. Hakuongeza sababu nyingine. Alikuwa na sababu, na angeweza kuitoa mbele ya watu wote, akaonekana mwema kuliko binadamu wote wa mtaa ule. Hakuitoa.

Kanubhai akamgeukia Odero. "Wewe unasemaje, fundi?"

Odero alikuwa amemwangalia Mukonyo, na Mukonyo alikuwa ameangalia matairi ya magari. Alirudisha mkono wa kulia mfukoni, akatoa wa kushoto. Dole gumba la mkono huo lilikuwa zima. Alilivusha kiganja mara moja, kwa siri, kama mtu anayejaribu ufunguo mpya. Likavuka bila shida.

"Pima, kata, shona."

Mukonyo alitoa karatasi. Odero alitoa mkasi.

Mtu akapiga mluzi, kwa kuwa hakuna aliyeuona mkasi wa Odero tangu Julai. Odero mwenyewe aliviangalia vidole vyake viwili vya kushoto, vimepinda kidogo kwa ugeni, akashikwa na furaha ya kitoto ambayo haikulingana na umri wake.

Raundi ya pili alitoa jiwe, Mukonyo akamfunika. Wakawa sare, moja kwa moja.

Sasa Odero alifikiri, akafikiri vizuri. Nimetoa mkasi, nimetoa jiwe. Ataona zamu ni ya karatasi, atanikata kwa mkasi. Basi dawa ni kurudia jiwe. Hesabu ilikuwa safi. Akili yake yote ilisema jiwe, na kama mkono ungekuwa ule wa kulia uliozoea kutii, lingetoka jiwe.

"Pima," alisema Rael. "Kata. Shona."

Mkono wa kushoto ulifunguka wenyewe, vidole viwili, mkasi. Mbele yake palikuwa na ngumi ya Mukonyo.

Watu wengi wamewahi kushindwa mahali kama hapo, na njia za kuonyesha uchungu ni nyingi: mtu husema jua lilimpiga machoni, au hesabu ilikwenda mbio, au mkono wa kushoto si mkono wa kuchezea jambo zito. Kisingizio cha mwisho kilikuwa tayari kabisa mdomoni mwa Odero. Rael mwenyewe alikuwa ameanza kukisema kwa niaba yake, kwamba mchezo urudiwe kwa mkono wa watu wenye heshima. Odero alimnyamazisha. Alivua tepu yake, ile ya manjano yenye doa la wino penye inchi za mwanzo, akamvisha Mukonyo kwa mikono miwili, wa kulia na wa kushoto.

"Shona vizuri," alisema.

Kanubhai alisimama, akawapa wote wawili mkono. Alimwambia Odero kwamba stoo yake itaihifadhi cherehani mpaka apate mahali, hata ikiwa ni mwaka.

Watu walipotawanyika, Mukonyo alibaki akikunja gunia la kufunikia. Odero alimsogelea akamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu ile siku walisema unachungulia. Wewe huwezi chungulia. Nikajua ni kidole."

"Na ungetoa karatasi tu."

"Ningetoa karatasi tu, ningeshinda kidole." Mukonyo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Mimi nilitaka kukushinda wewe. Kidole yako hatujakosana."

Odero akauliza kuhusu jiwe la mwisho. Hapo Mukonyo alicheka mpaka akashika meza ya cherehani.

"Hiyo ni mambo ingine, mzee. Mtu amekaa wiki nyingi bila mkasi, umrudishie, halafu aiweke mfukoni? Ya kwanza ulinipata. Ya tatu nilikungoja tu."

Odero naye akacheka. Alikuwa amepewa silaha yake na adui, kisha akapigwa kwa kuipenda mno, na ndani ya jambo hilo hapakuwa na hila hata moja. Kama Mukonyo angemwachia ushindi kwa huruma, angemfanya ombaomba. Kama angemfunika kwa karatasi, angemfanya mgonjwa. Alimfanya mpinzani, na ni wachache wanaopata kutendewa hivyo na mtu anayehitaji kitu kile kile wanachokihitaji wao.

Odero alipofika nyumbani, Ajwang alisoma uso wake akasema Mungu ni mwema, umeshinda. Odero akamwambia ameshindwa. Ajwang akauliza kinachomchekesha ni nini. Odero alieleza, na mkewe akasikiliza mpaka mwisho, akalitumbukiza dole kwenye maji ya moto. "Huyo mwanamke," alisema, "siku ya kitambaa kile ulimwita nyang'au."

"Nilimwita," alikubali Odero.

Mwaka haukuisha kabla hajapata mahali Riruta, kibanda cha mabati kando ya Barabara ya Naivasha, mbele ya nyumba za kupanga. Miezi ya kwanza ilikuwa mikavu. Baadaye sare za shule zilianza kuja, na akina mama wa Mutuini wakashuka na vitambaa vyao vya sare za vikundi. Daktari alimkataza mkasi mzito, akaununua mwepesi, na dole likapunguza malalamiko ingawa halikupona. Katika sala yake ya chakula Odero alitaja watu wachache kwa majina. Mukonyo alikuwa mmoja wao, na jirani mmoja aliyewahi kula mezani hapo alidhani ni dada aliyefariki.

Hakuwa amefariki. Kila Desemba, duka la Kanubhai likifungwa kwa sikukuu, alikuja Riruta na kilo ya sukari kwa Ajwang, akakaa kwenye benchi la wateja. Shingoni alikuwa na tepu mbili, yake na ile ya manjano yenye doa la wino. Kila mara Odero alijifanya anaidai.

"Lete tepu yangu."

"Sheria ni sheria. Tepu inarudi kazi ikiisha." Mukonyo aliishika kana kwamba kuna anayetaka kumnyang'anya. "Na kazi bado iko."

"Iko nyingi?"

"Iko, mzee. Nashukuru."

"Basi kaa nayo," Odero alimwambia, akamsogezea chai kwa mkono wa kulia.